Nafasi Kabla ya Mkato

Inatangazwa kwa heshima na taadhima kwa wakazi wote wa Masasi, waendesha bodaboda, wauza mitumba, makarani na mbuzi wao, kwamba msanifu pekee wa majarida ya barua pepe kati ya Mto Lukuledi na Mto Ruvuma yu hai, ana steshenari karibu na stendi, na anaitwa Lameck Chinguile. Asimame tumwone!

Hakusimama. Alikuwa amepiga magoti anachomoa karatasi iliyokwama ndani ya mashine ya kopi.

Nieleze kazi yenyewe, maana hapa mjini ukisema "msanifu" watu wanakuletea vipimo vya dirisha. Jarida la barua pepe ni ile barua inayoingia kwenye simu yako ikiwa imevaa suti: nembo juu, picha katikati, vichwa vya habari vyenye rangi, na chini kitufe cha kubonyeza. Msomaji anaona suti, fundi anaona mishono. Kwa ndani hushonwa kwa HTML, lugha ya kurasa za mtandao, lakini si ile HTML ya vijana wa kisasa. Programu za kusomea barua ni kaidi kuliko wazee wa baraza. Zinakataa kila kilichobuniwa juzi. Kwa hiyo fundi anarudi kwenye majedwali ya kizamani, jedwali ndani ya jedwali ndani ya jedwali, picha nyepesi zisimalize bando la mtu, na nyuma ya kila picha maneno machache ya maelezo kwa ajili ya simu itakayogoma kuionyesha. Lameck alijifunza haya yote peke yake, kati ya mteja wa kopi na mteja wa picha za pasipoti, na aliyajua vizuri. Hilo siwezi kumnyang'anya, ingawa nimejaribu.

Jarida lenyewe lilikuwa la Umoja wa Waliosoma Namalembe, shule ya msingi iliyoanzishwa na misheni kule Chiungutwa, shule ambayo imetoa wakulima wengi, mapadri kadhaa, na watu mia nne na kumi na wawili wenye barua pepe. Hao mia nne na kumi na wawili wametapakaa: Masasi, Tandahimba, Dar es Salaam, hadi Muscat. Kila mwezi waliletewa habari za nani kafariki, nani kaozesha, na paa la darasa la nne limefikia wapi. Paa la darasa la nne lilikuwa habari ya kudumu. Ilidumu kuliko paa lenyewe.

Lameck hakuwaandikia watu mia nne na kumi na wawili. Alimwandikia mwanamke mmoja, na wengine walipata nakala.

Mwanamke huyo ni Mwalimu Regina Namkuna. Alimfundisha Lameck darasa la pili hadi la sita pale Namalembe. Kisha Lameck akafiwa na mama yake. Mwalimu Regina, ambaye hakuwahi kuolewa wala kuzaa, alihamishiwa Newala, na siku ya kuhama alipakia kwenye gari kitanda, kabati, madumu ya maji, na Lameck. Hakukuwa na kikao wala barua ya ustawi wa jamii. "Panda, tunachelewa," ndiyo yalikuwa malezi yote yaliyotamkwa. Akamlea miaka saba juu ya mlima ule ambako maji ni ya kuhesabiwa kwa vikombe, akamsomesha, akamwogesha kwa lita tatu, akamfundisha kwamba kiwakilishi na kitenzi vikigombana, aibu ni ya mwandishi.

Sasa kila jarida lilipotumwa, watu walijibu kama watu. "Amina." "Tuko pamoja." Wa Muscat walituma vikopa vyekundu. Mwalimu Regina alijibu kwa alama.

"Saba kwa kumi. 'Wapendwa wanachama wote mliopo popote' ni maneno matano ya kazi ya maneno mawili."

"Nane. Kichwa cha barua kimenifanya nifungue. Kilichomo hakikufanana na kichwa, lakini nimefungua."

"Sita na nusu. Nusu ni huruma."

Lameck alikuwa na ukurasa wa takwimu unaoonyesha nani amefungua, saa ngapi, amebonyeza nini. Aliweza kukwambia mtu wa Tandahimba alisoma tangazo la msiba mara tatu. Lakini jambo alilolisubiri baada ya kutuma lilikuwa tarakimu moja kutoka Newala. Ikija nane, siku hiyo hata wa kopi moja alipata kiti.

Kuna jibu moja la Mwalimu ambalo Lameck analijua kwa moyo, ingawa wakati ule alilipita tu. Lilisema: "Nane. Ila herufi zako ni kama mayai ya chawa, halafu za kijivu. Kuza, mwanangu. Ninachoka." Lameck akamjibu kitaalamu, kwa adabu zote: "Shikamoo Mwalimu. Kiwango kinachokubalika ni kumi na nne, na kijivu hupumzisha jicho." Alijibu hivyo, mtu aliyefundishwa kusoma na jicho hilo hilo.

Basi. Balaa lilianzia kwa Mzee Walter.

Mzee Walter, mwalimu mkuu mstaafu wa Namalembe, ana miaka themanini na mmoja na anaishi Masasi hapa hapa, upande wa mlimani. Siku moja alishuka kwa miguu hadi steshenari akiwa na fimbo mkono mmoja na jarida mkono mwingine, limechapishwa kwenye karatasi na binti yake Ethel. Akaliweka mezani, akaligonga kwa fimbo.

"Soma hapo juu."

Lameck akasoma. "Habari Walter."

"Endelea."

"Ndiyo hivyo tu, Baba Ethel. Baada ya hapo ni habari za paa."

"Habari Walter," alirudia mzee, taratibu, kama mtu anayeonja dawa. "Mimi Walter wako? Tulichunga wote? Mke wangu ameniita Baba Ethel miaka hamsini na mbili hadi tumemzika, leo wewe niliyekuchapa kwa kuchelewa namba unakuja simuni kwangu na 'Habari Walter'? Shikamoo umeila?"

"Baba Ethel, ni mashine. Inachukua jina la kwanza kutoka kwenye orodha, inalipachika."

"Basi mashine yako haijalelewa."

Watu kwenye foleni ya kopi walicheka hadi mmoja akasahau alichokuja kukopi. Lameck hakucheka. Alikuwa ameambiwa kweli. Vitabu vyote vya taaluma alivyosoma mtandaoni vilisisitiza: mwite msomaji kwa jina lake la kwanza, atajisikia karibu. Hakuna kilichomwonya kwamba kuna nchi ambamo jina la kwanza la mtu mzima ni la kuitiwa hospitalini na mahakamani tu.

Akaamua kuilea mashine. Akaongeza safu mbili kwenye orodha yake. Safu ya kwanza: mwaka wa kumaliza shule, ili mashine ijue nani wa shikamoo na nani wa habari. Safu ya pili: mama nani, baba nani. Akapiga simu, akatuma ujumbe, akauliza mitaani, miezi miwili mizima, jina la mtoto wa kwanza wa kila mwanachama. Mwenyekiti wa Umoja, Salmini, muuza vitambaa sokoni ambaye kila mtu humwita Baba Siti, alimsaidia kwa sauti tu, ambayo anayo nyingi.

"Baba Julia," alimwambia, maana binti wa Lameck ni Julia, "ukifanikisha hili, hata Dodoma hawana!"

Orodha ikajaa mstari kwa mstari. Mama Selestini. Baba Hamudi. Lameck akafika kwenye mstari wa mia mbili na themanini na tisa: Regina Namkuna. Mwaka: alikuwa mwalimu, shikamoo. Mama nani?

Vidole vikasimama.

Aandike "hana"? Mashine ingesema Shikamoo Mama Hana. Aandike "Mwalimu"? Ingesema Mama Mwalimu, kama jina la kibanda cha chai. Njia ya kitaalamu ilikuwepo na aliijua: unaiambia mashine, ukikuta patupu, tumia neno la akiba, sema "Ndugu", sema "Mpendwa", sema chochote. Ni mstari mmoja. Lakini neno la akiba lingewekwa kwa ajili ya nani, wakati wengine wote mia nne na kumi na mmoja walikuwa na majina? Lingewekwa kwa ajili yake yeye tu. Na Lameck aliona, kwa upole wake wa kijinga, kwamba kumtengenezea Mwalimu kanuni yake peke yake ni kama kumwekea kiti pembeni. Akasema: hapa nitarudi. Mteja akaingia anataka kopi nne za cheti cha kuzaliwa.

Hakurudi.

Alijaribu barua kabla ya kutuma, ndiyo, alijaribu sana. Akajitumia yeye mwenyewe: "Habari Baba Julia," ikapendeza. Akamtumia Salmini: "Shikamoo Baba Siti." Akaiangalia kwenye simu kubwa, simu ndogo, kompyuta, skrini nyeupe, skrini nyeusi. Alijaribu mistari yenye majina, akasahau kwamba mstari usio na jina ndio unaotaka kujaribiwa. Ijumaa mchana akabonyeza.

Ilikuwa shangwe. Watu saba kwa kila kumi walifungua, kiwango ambacho mabenki hukiota. Wa Muscat aliandika kwamba amelia kwenye lifti. Mzee Walter alituma neno moja, "Sawasawa," ambalo kwake ni shahada ya heshima. Akina mama wawili wa miaka arobaini walilalamika kuwa wamezeeshwa kwa kupewa shikamoo, hesabu ikarekebishwa. Salmini alikuja dukani kumkumbatia mbele ya wateja.

Kutoka Newala haikuja tarakimu.

Jumatatu Lameck alifungua takwimu na kushuka hadi chini, pale penye waliojiondoa, maana kila jarida la heshima lina kiungo kidogo mwishoni kinachosema Jiondoe, na msanifu mwadilifu hakifichi. Alikuwapo mmoja. Regina Namkuna.

Akatafuta nakala ileile aliyotumiwa. Ilikuwa na nembo nzuri, picha nyepesi, rangi ya korosho iliyoiva, na chini ya nembo, kwa herufi za kumi na nne za kijivu zinazopumzisha jicho:

Shikamoo Mama ,

Mama, kisha nafasi, kisha mkato. Ile nafasi ilikuwa pana kama upana wa herufi moja, lakini Lameck anasema aliona uwanja wa mpira.

Sasa mtu mwenye akili ya kawaida angefanya nini? Masasi na Newala si Masasi na Uturuki. Unapanda gari asubuhi, unapita Chiungutwa unasalimia makaburi yenu, gari linapanda mlima, mchana uko juu unakunywa chai. Lameck alikuwa na elimu zaidi ya hiyo. Aliamua kuomba radhi kwa barua pepe.

Mashine ikakataa. Ikamwandikia kwa lugha laini kwamba mpokeaji huyu ameomba asiandikiwe tena na matakwa yake lazima yaheshimiwe. Ni sheria ya kazi hiyo, tena sheria nzuri: aliyetoka harudishwi kwa nguvu. Angeweza kumwandikia kutoka kwenye anwani yake binafsi, barua tupu isiyo na nembo wala jedwali. Aliona ni utovu wa heshima. Akapiga simu, iliita ikakatika. Akapiga tena wiki iliyofuata, akapokea mwanamke mwingine, akasema, "Mwalimu amepumzika." Lameck akasema asante, akakata, na hapa naandika kama alivyokiri mwenyewe: alifarijika.

Akaanza kusanifu samahani.

Miezi kumi na minne! Katika muda huo mwanamke anabeba mimba, anajifungua, na mtoto anatambaa. Lameck alitengeneza matoleo ishirini na matatu ya barua moja ambayo hakuwa na ruhusa ya kuituma. Toleo la kwanza lilikuwa na rangi ya bluu, akaona bluu ni ya kiofisi. La tano kijani, akaona linasherehekea. Alikuwa anatafuta rangi ya samahani. Toleo la kumi na moja lilikuwa na picha ya Namalembe, imepunguzwa uzito ili isimalizie bando mwenye kusamehe. Na kwa kuwa taaluma inasema kila barua iwe na kitufe kimoja tu, kiwe kikubwa cha kutosha kidole gumba, kiseme wazi msomaji anatakiwa afanye nini, Lameck aliweka chini kabisa kitufe cha mviringo kilichoandikwa NIMESAMEHE. Nilikiona. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri hadi unatamani mtu akukosee.

Aliyemwamsha ni yuleyule Mzee Walter, aliyekuja kukopi kadi yake ya kliniki akamkuta Lameck anasogeza kitufe kushoto kidogo.

"Nini hicho?"

Lameck akamweleza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mimi nilipokosewa," alisema, "nilishuka mlima kwa miguu, na fimbo, na goti hili, kuja kukwambia. Wewe uliyekosa una magoti mawili mazima, na umekaa hapo unapaka rangi. Unamsubiri Regina ashuke?"

"Nilitaka iwe nzuri, Baba Ethel."

"Nani amekuuliza uzuri? Nipe kadi yangu."

Jumamosi Lameck akapanda. Alibeba mchele, sabuni, na dumu la lita ishirini la maji ya Masasi, kwa kuwa Newala hata samahani hunawa kabla ya kuingia ndani. Kwenye bahasha alikuwa na barua ya ishirini na nne, iliyochapishwa kwenye karatasi, nyeusi si kijivu, herufi za ishirini na mbili. Amesikia, sasa. Kuza, mwanangu.

Mwalimu alikuwa amestaafu na kuhama nyumba ya shule. Anakaa kwenye nyumba ndogo upande wa kwenda Shimo la Mungu, ambako Lameck hakuwahi kufika. Pale stendi ya Newala akamuuliza mwenye bodaboda, mtu mzima aitwaye Mujibu.

"Namtafuta Mwalimu Regina Namkuna."

"Walimu wapo wengi, kaka. Regina simjui."

"Mstaafu. Mrefu. Mkali wa lugha. Ukisema 'gari imekuja' anakurekebisha."

"Aaa!" Mujibu akapiga usukani. "Mama Lameck! Si useme! Juzi kanikatalia kunilipa hadi niseme 'limekuja'. Panda."

Lameck alipanda na dumu lake. Anasema kwa mwendo wa kama nyumba kumi hivi alimwonea wivu huyo Lameck. Alijiuliza ni nani, mtoto wa ndugu labda, mtu wa karibu, mtu anayefika fika, mwenye bahati. Kisha pikipiki ikaruka tuta, dumu likampiga kifuani, akajua.

Mlangoni kwa Mwalimu kulikuwa na cherehani, na nyuma ya cherehani mwanamke anapinda pindo. Huyo ni Zuhra, jirani, fundi nguo. Lameck akabisha hodi. Kutoka ndani sauti ikauliza, "Nani?"

"Shikamoo Mwalimu. Ni Lameck."

Cherehani ikanyamaza.

"Lameck yupi?"

"Wa Chiungutwa, Mwalimu."

"Marahaba. Ingia. Kaa huku kushoto, upande wa kulia nasikia tu, sioni."

Zuhra akaacha pindo akamfuata ndani waziwazi, bila hata kisingizio. "Ndiye huyu?" akauliza. "Huyu ndiye Baba Mkato?"

"Zuhra," alisema Mwalimu.

"Niache niseme, Mama Lameck, maana wewe hutasema." Akamgeukia. "Kaka, tangu huyu mama ahamie hapa, kila barua yako ikiingia anatuita. Sisi majirani, na akina mama wa kanisani, na mimi wa msikitini, wote. 'Njooni, Lameck kaandika.' Anatusomea, anaipa maksi, tunacheka. Habari za paa la watu tusiowajua! Unafikiri tungemwitaje? Macho yalipoanza kumtupa nikawa nasoma mimi. Siku hiyo tulikuwa tisa humu ndani. Nikafungua, nikasoma kwa sauti kubwa: 'Shikamoo Mama...' Nikatazama. Nikasema, Mama Lameck, hapa hawajaandika jina. Akaniuliza, nani hajaandika? Nikamwambia, Lameck."

Nje mtu alipita anaburuta toroli la madumu matupu.

"Basi," alisema Zuhra, "akaniambia, nitoe humo. Nikabonyeza."

Lameck alikuwa ameandaa maneno. Alikuwa ameyaandaa mara ishirini na nne. Akatoa bahasha badala yake, akaiweka mikononi mwa Mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu akatoa karatasi, akaipapasa kwa kidole gumba kutoka juu hadi chini kama mtu anayepima kitambaa, akaileta karibu na jicho la kushoto, akaisogeza mbali, akaileta tena.

"Umekuza herufi," alisema.

"Ishirini na mbili, Mwalimu. Na nyeusi."

"Mwaka jana zingetosha." Akamrudishia. "Soma."

Akasoma. Mtu wa miaka thelathini na tisa, mwenye duka na mtoto, alisimama katikati ya sebule akasoma kwa sauti ya darasa la tatu. Alieleza mstari wa mia mbili na themanini na tisa. Alieleza cheti cha kuzaliwa na kopi zake nne. Aliomba radhi mwanzoni, katikati, na mwishoni, na mahali pawili penye mkato Zuhra alikohoa makusudi. Alipomaliza, Mwalimu alitoa alama.

"Nne kwa kumi," alisema. "'Samahani' nimeihesabu mara kumi na moja. Ya kwanza ilitosha, ila ilitakiwa ije wiki ileile. Na mkato haukai baada ya nafasi, Lameck. Unakaa umeegemea neno. Nilikufundisha darasa la pili."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kama hakuna neno, huweki mkato."

"Ndiyo."

"Umekula?"

Alikula. Akamimina maji kwenye mtungi. Alipokuwa anaaga alisema kwamba akirudi atajaza ile safu, ataandika Mama Lameck, na barua ijayo itakuja hivyo. Mwalimu alikuwa anatafuta mkono wake ili amuage, akiukosa kidogo upande wa kulia.

"Andika unavyotaka," alisema. "Mimi si msomaji tena. Unamwandikia nani?"

Lameck alirudi Masasi akajaza. Mstari wa mia mbili na themanini na tisa, safu ya mama nani: Lameck. Herufi sita. Orodha sasa ni kamili, na mashine, ambayo imelelewa, inaonyesha karibu na jina hilo alama ndogo ya kijivu: amejiondoa, asiandikiwe. Anayeweza kuiondoa ni mwenyewe tu, kwa kubonyeza kiungo asichokiona. Kwa wengine wote jarida limebadilika. Herufi ni za kumi na nane, nyeusi tii. Vijana wa Dar es Salaam wanalalamika kwamba barua inawapigia kelele. Lameck hawajibu. Neno la akiba limewekwa pia, kwa ajili ya watu ambao hawapo.

Juzi nilikaa kwenye benchi la duka lake nikisubiri kopi zangu, nikaona nimhoji rasmi kama anavyostahili mtu wa hadhi yake. Nikamwambia: Ndugu msanifu, umeshinda programu kaidi, umeipa adabu mashine, umekuza herufi hadi zinaonekana kutoka Nachingwea. Sasa taifa linauliza: kwa msomaji mmoja ambaye haoni picha, haoni rangi, haoni kitufe, na ametoka kwenye orodha kwa hiari yake, je, taaluma imekuonyesha usanifu gani?

Lameck akachomoa karatasi iliyokwama, akaikunjua juu ya goti.

"Nampigia simu."